Wagodo wa Nyika ya Vumbi: kisa cha meza moja Dodoma

Karatasi ya mhusika tunayotumia kwenye meza yetu ilikuwa na mstari wa tatu ulioandikwa "Kabila". Kwa miezi saba hakuna aliyeushtukia. Unaandika jina, unaandika kazi, unaandika kabila, halafu unashuka kwenye alama sita: nguvu, wepesi, uimara, akili, busara na mvuto. Dadu inarushwa, mchezo unaanza. Kisa hiki kilianzia kwenye mstari huo wa tatu, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo, kwa kuwa nyumba ni yangu, meza ni yangu, na kwenye kicheko cha kwanza nami nilikuwemo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja ni msimulizi na wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema mmefika wapi na mmekutana na nini, nyinyi mnasema mnafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litafanikiwa, inarushwa dadu ya pande 20. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Sisi tunacheza toleo letu tulilolikatakata wenyewe, Jumamosi jioni, Ipagala, tukiwa na dadu moja tu ya pande 20. Tunaipitisha mkono kwa mkono na kuirusha ndani ya mfuniko wa sufuria ili isikimbilie chini ya kochi.

Tuko watano. Msimulizi ni kijana wa Moshi aliyehamia na wizara yake, wimbi lile la watumishi kuja Dodoma lililoanza baada ya 2016. Yupo fundi umeme, mwenyeji wa Tanga, mcheshi wa kundi. Yupo binti anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, na mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mvumi, mkoani hapahapa, aliyekuja siku ya kwanza kumsindikiza mwanawe tu, akakaa kuona tunafanya nini, na mpaka leo hajaondoka. Sote tunamwita Mwalimu. Wa tano ni mimi.

Msimulizi alikuwa amechoka na ngome za mawe na misitu ya theluji. Akasema dunia yetu ihamie nchi kavu, nchi ya mibuyu na miiba, Nyika ya Vumbi. Wazo zuri, na sote tulilishangilia. Wiki iliyofuata akaja na kurasa sita alizochapa kazini, na ukurasa wa nne ulikuwa na hili:

"Wagodo. Kimo kifupi, ngozi rangi ya udongo mwekundu, macho makubwa yaliyozoea vumbi. Huishi kwenye nyumba bapa za matope. Uimara +2, Akili −2, Mvuto −1. Kipaji cha kuzaliwa: Mkono Mtupu. Mara moja kwa siku Mgodo akinyoosha mkono na kutamka 'Mbukwa!', kiumbe yeyote mwenye fedha asiporusha 12 au zaidi humpa sarafu."

Fundi alicheka mpaka akamwaga ubuyu. Nami nikacheka. Binti akamtazama mama yake. Mwalimu alikuwa anasoma, kidole kiko kwenye mstari, kama anayesahihisha insha.

Kwa wasomaji walio mbali na Dodoma, "mbukwa" ni salamu ya Wagogo, wenyeji wa hapa, ambao kwenye vichekesho huchorwa kama ombaomba. Ndiyo salamu ya Kigogo anayoijua hata mgeni wa wiki moja; wanasiasa wakipanda jukwaani hapa huanza na "Mbukwenyi!" ili wapigiwe makofi. Ndilo neno Mwalimu analomwambia mama yake akipiga simu Mvumi. Msimulizi, kaka mwema ambaye hajawahi kunipita bila shikamoo, alilichukua kutoka mitaani na kulifanya kelele ya kuombea.

Tuliendelea kucheza Jumamosi mbili bila neno. Jumamosi ya tatu kundi letu lilikuwa limetembea siku tatu bila maji, tukafika kwenye kisima. Mwalimu akakunja karatasi ya mhusika wake wa zamani, mpiga upinde wa msituni, akaiweka kwenye mkoba. Akatoa mpya. Mstari wa Kabila aliujaza kwa penseli, herufi kubwa: MGODO.

"Leo mimi ndiye niliyeko kisimani," akasema.

Msimulizi akafurahi. "Safi sana Mwalimu. Haya, nyoosha mkono."

"Sinyooshi. Kisima hiki ni cha kwetu. Wasafiri mna nini?"

"Mwalimu, Wagodo hawadai kitu. Wanaomba."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani, mwanangu?"

Fundi akaingilia kuokoa jahazi. "Mwalimu, huu si utani tu?"

"Utani," Mwalimu akasema. "Mtani wangu hapa ni nani? Nioneshe." Akageukia karatasi. "Andika hivi: Wagodo wanatoza hongo."

"Rushwa tena!" Fundi akasema, akacheka peke yake.

Mchezo uliishia hapo jioni ile. Tulikunywa chai. Yaliyofuata niliyaokota kwa majuma kadhaa, mengine kwa Mwalimu, mengine kwa kusoma, mengine kwa kugombana.

Neno hongo kwanza. Leo ni rushwa, na anayeitoa na anayeipokea wote wana hatia. Karne ya 19 lilikuwa na maana nyingine: ushuru aliotoza mtemi kwa msafara unaopita nchini mwake. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi ya Wagogo, na Ugogo ni nchi ya mvua ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, mwaka ukiwa mwema. Maji ni ya visima na mabwawa, na kila kisima kina mwenyewe. Msafara wa mamia ya wapagazi haupiti Ugogo bila kunywa. Kwa hiyo watemi walitoza: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Kati ya wasafiri wa Kizungu, Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na Stanley alilipa hapohapo Mvumi kwa kina Mwalimu. Wote wawili walilalamika vitabuni mwao kuhusu Wagogo. Walilalamikia nini? Kiburi. Kwamba ni watu wanaodai mno, wasiotishika, wanaomfanya mgeni asubiri siku nzima juani mpaka mtemi aridhike na idadi ya vitambaa.

Rudi sasa kwenye ukurasa wa nne. Mgeni wa 1871 alimwona Mgogo akamwandika kuwa mbabe anayetoza. Mgeni wa siku hizi anamjua kama ombaomba wa kwenye vichekesho. Nchi ni ileile, na watu ni walewale. Kama sifa hiyo ingekuwa ya damu, ingekuwa imeshinda wapi miaka yote ile?

Katikati hapo kuna mambo yenye tarehe. Reli ya kati ya Wajerumani ilifika, misafara ikafa, hongo ikafa nayo. Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia wakachukua pia. Mvua nazo zikagoma. Njaa ya 1917 mpaka 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 katika nchi ya watu kama 150,000. Mmoja kati ya watano. Watu walikwenda kutafuta chakula popote, na waliowaona wakiwa njiani hawakuona jeshi lililopita kwenye maghala yao mwaka uliotangulia. Waliona mikono tu.

Hili ndilo kosa la Wagodo, na nadhani ndilo kosa la aina nzima ya uandishi huu. Kumpa kiumbe wa kubuni nyumba ya tembe si tatizo. Mibuyu, mlenda, uwele, ng'ombe, yote hayo ni mali ya hadithi, na yeyote mwenye adabu ayatumie. Tatizo ni kuchukua jambo lililowapata watu mwaka fulani kwa sababu fulani, na kulihamishia kwenye mstari wa "Kipaji cha kuzaliwa". Mchezo huu una mashine maalumu ya kufanya uhamisho huo, nayo ni jedwali la alama. Kwetu alama zinaongezwa au kutolewa moja kwa moja kwenye dadu. Upande mmoja kati ya 20 ni asilimia 5, kwa hiyo Akili −2 ni asilimia 10 ya pande zote za dadu, imeondolewa kabla hujafungua mdomo, na inaondolewa kwa kila mtoto wa Kigodo atakayezaliwa Nyika ya Vumbi milele. Mzaha wa kijiweni haujawahi kuwa na nguvu hiyo. Kijiweni unaweza kubisha. Dadu haibishiwi.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye utani, kwa sababu Fundi hakuwa mjinga, na hoja yake wengi wetu tungeitoa. Sisi tumelelewa kwenye utani wa makabila. Tunausifia kwamba ndio uliotupa amani. Lakini utani una masharti, na Mwalimu aliyataja kwa vidole. Mtani anajulikana, huwezi kujiteua. Mtani anajibiwa, ukinitupia moja nakutupia mbili. Na mtani anakuja msibani. Anakejeli marehemu, anazuia njia mpaka apewe chochote, na huyohuyo ndiye anayeshika sepetu. "Wagodo wenu," Mwalimu akamwambia Msimulizi, "nikifiwa watakuja?"

Kiumbe wa kwenye jedwali hajibu. Ndiyo tofauti.

Msimulizi alijitetea kwa njia nyingine. Akasema yeye mwenyewe Mchaga, na tukitaka tumwandikie Wachaga wa milimani, hatajali. Binti akachangamka, akaandika palepale: Akili +1, Kuhesabu Fedha +3, anafunga duka mwisho kuliko wote. Tulitarajia Msimulizi aonje uchungu. Akacheka, akaomba amchezee mhusika huyo! Jaribio lilifeli, na kufeli kwake kulinifundisha kuliko lingefaulu. Sifa za kubandikwa hazina uzito mmoja. Kuna inayokufanya utaniwe huku ukikopeshwa, na kuna inayokufanya ufukuzwe mlangoni kabla hujasema shida yako. Kumwambia mtu "hebu fikiria ungekuwa wewe" hakusaidii kama yake ni ile ya kwanza.

Si meza yetu tu, bila shaka. Kwenye Dungeons & Dragons kulikuwa na watu wa kuhamahama, watabiri wa karata na wenye jicho baya, walioingia kwenye hadithi moja ya kutisha ya 1983 na baadaye wakaitwa Vistani. Waliochorwa pale ni Waroma wa Ulaya, yaani Wajipsi, wenye historia yao ya kufukuzwa na kuuawa, pamoja na kila uzushi waliowahi kuzuliwa. Ilichukua mpaka 2020 kwa kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huo, kukiri hadharani kwamba picha ile ilikuwa na kasoro, na kubadili maandishi kwenye chapa mpya. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo iliteleza tena: viumbe wenye sura ya nyani walipewa historia ya kufanywa watumwa na kisha kuokolewa na wengine, ikalazimika kuomba radhi na kufuta. Kuhusu alama za kuzaliwa, sheria za 2020 ziliruhusu mchezaji azihamishe atakavyo, na kitabu cha wachezaji cha 2024 kikaziondoa kabisa kwenye uzao na kuziweka kwenye maisha ya nyuma ya mhusika, yaani alikuwa nani kabla ya safari. Neno walilokuwa wakilitumia kwa "jamii" nalo likabadilishwa kuwa "spishi".

Sisi kwa Kiswahili tulijitia kitanzini zaidi yao. Tulipotafsiri karatasi tuliandika "kabila", neno ambalo kwetu lina watu halisi ndani yake. Sensa ya mwisho iliyouliza Watanzania kabila lao ilikuwa ya 1967. Gemu letu likawa linauliza kila Jumamosi. Viumbe wa mchezo wafupi wachimba madini tuliwaita mbilikimo, na Binti ndiye aliyetukumbusha kwamba mbilikimo ndilo jina Waswahili walilowapa watu wa misitu ya Kongo, ambao wapo, wana watoto na wanalipa kodi. Tumewafuta mbilikimo. Sasa wanaitwa Wachongamwamba, jina baya lakini halimtukani mtu.

Rasimu ya pili ya Msimulizi ilikuwa mbaya kwa njia ya kupendeza. Alikuwa ameguswa kweli. Akaenda kusikiliza nyimbo za Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo aliyezunguka dunia na ilimba na zeze, aliyefariki 2003, akarudi macho yakiwa yamelowa. Wagodo wapya walikuwa na Busara +2 na Muziki +3, walizungumza kwa methali, walijua mvua itanyesha lini na hawakuwa na tamaa ya mali. Kila Mgodo alikuwa mwimbaji. Mimi niliona tumemaliza kazi.

Mwalimu akauliza kama kuna Mgodo asiyejua kuimba.

"Wote wanajua," Msimulizi akasema.

"Basi mimi umeniondoa. Kanisani nikiimba watu wanageuka." Tulicheka wote, na safari hii yeye alianza. Kisha akasema kitu nilichokiandika nyuma ya karatasi yangu: "Mwanzo ulinifanya ombaomba, sasa umenifanya malaika. Lini utanifanya jirani?"

Fundi alichoka. Akapendekeza tufute wote, nyika iwe na mijusi inayoongea isiyofanana na mtu yeyote. Wengi huishia hapo, na naelewa kwa nini, ni salama. Aliyekataa ni Mwalimu. Ukiwafuta, alisema, dunia yenu itabaki na majumba ya Ulaya na mijusi, na mwanangu atacheza miaka yote bila kukutana na nyumba ya bibi yake.

Rasimu ya tatu tuliiandika wanne, Msimulizi akiwa na kalamu. Mstari wa Kabila tuliufuta. Mahali pake pana mistari miwili: "Mwili" na "Kwao". Kwenye Mwili linaingia lile tu ambalo kiumbe asiye binadamu anazaliwa nalo: Wagodo wana kope mbili, wanaona ndani ya tufani la vumbi. Basi. Kwenye Kwao unaandika ulikokulia, na alama zinatoka huko. Mgodo aliyekulia mjini hapati alama za kuchunga. Mgeni wa milimani aliyelelewa kwenye tembe anazipata.

Kipaji cha Mkono Mtupu kilichukua jioni nzima. Msimulizi alitaka kukifuta, Mwalimu akasema kisifutwe, kisahihishwe. Kuna neno la Kiswahili ambalo mikoa ya njaa inalijua vizuri: kuhemea. Mwaka mbaya mtu anaswaga mbuzi, au anachukua jembe lake, anakwenda nchi iliyovuna, anarudi na nafaka. Ukimwona njiani bila kujua habari zake unaweza kumdhania anaomba. Lakini anayehemea ana kitu mkononi, na ana nyumba anayoiendea, watu ambao mwaka mwingine watakuja kwake. Basi tukaandika: Kuhemea. Mhusika ataje nyumba moja ya mbali yenye deni la wema kwake au anayodaiwa nayo. Mwaka wa njaa anaweza kwenda huko, na msimulizi hana ruhusa ya kumnyima mlango. Anaruhusiwa tu kuamua bei. Kanuni hiyo tuliipenda kiasi kwamba sasa kila mhusika anayo, hata Wachongamwamba.

Hatukuelewana kuhusu jina. Binti anataka "Wagodo" liondoke, kwani kila mtu anasikia kilichofichwa. Mama yake anataka libaki. Msimulizi hasemi, na nadhani ana haki ya kunyamaza. Kuhusu "Mbukwa" hapakuwa na mjadala: imerudi kuwa salamu, na asiyeitikia kwenye nyika hauziwi kitu.

Juzi Jumamosi tulirudi kisimani, palepale tulipoishia. Msimulizi akasoma: jua linazama, punda wenu wamelegea, mwenye kisima ameketi juu ya jiwe. Mwalimu akatoa ile karatasi yake ya penseli. Neno MGODO lilikuwa bado kwenye mstari wa zamani. Alikuwa amelichorea duara na kuandika pembeni, Mvumi.

"Mbukwa," Fundi akasema, taratibu.

"Mbukwa. Mna nini?"

Fundi akatoa vitambaa viwili, shanga na kisu chake cha fedha alichokihangaikia miezi mitatu. Akarusha dadu ndani ya mfuniko kumshawishi. Ikazunguka, ikagonga ukingo, ikalala: nne.

Mwalimu akavitazama vitambaa kwa muda mrefu, kana kwamba vipo mezani kweli.

"Havitoshi," akasema. "Mtemi amelala. Njooni kesho."

Tukapiga kambi nje ya boma, na kiu yetu.